Wao Wamelinda Viwanja Vyao, Sisi Je?

Leo nataka tuzungumze juu ya mpira, lakini si juu ya nani kafunga na nani kafungwa. Hayo yana wenyewe katika kurasa za nyuma, na barzani kwetu yana mahakimu wengi kushinda wale wa Mahakama Kuu. Ninalotaka kulizungumza ni hili: mpira tunaoutazama ni wa nani? Nani anauuza, nani anaununua, na sisi watu wa Mvita, ambao ndio wanunuzi wa mwisho katika soko hilo, tunapata nini na tunapoteza nini? Jambo hili ni la ukurasa wa utamaduni, kwani limekwisha kugusa saa zetu za sala, mazungumzo ya barza zetu, lugha yetu, na viwanja ambavyo vijana wetu wangekuwa wakichezea.

Apitaye Mji wa Kale Jumamosi baada ya alasiri, akashika Ndia Kuu, akaingia Kibokoni, kisha akakata hadi Bondeni, ataona mbao zilizoandikwa kwa chaki mbele ya vibanda: timu mbili, saa ya kuanza, na ada ya kuingia. Ndani vijana wamebanana kama dagaa, macho yote kwenye kioo. Vifuani wamevaa jezi zenye majina ya mashirika ya ndege ya Dubai na Abu Dhabi, kwa kuwa hao ndio wadhamini wa Arsenal na Manchester City. Babu zao walikwenda Ghuba kwa jahazi zilizosheheni boriti za mikoko, wakarudi na tende na mazulia. Wajukuu wanaivaa Ghuba kifuani bila ya kuvuka hata kivuko cha Likoni.

Sisemi haya kwa kebehi. Mimi mwenyewe ni mpenzi wa kandanda, na kijana aliyeketi kibandani akitazama mpira ni heri mara mia kuliko kijana aliyeketi kichochoroni akivuta unga. Lakini mpenzi wa kweli huuliza habari za anachokipenda, wala hakubali kufumbwa macho.

TULIKOTOKA

Wazee watakumbuka kuwa mpira ulitujia kwanza kwa sikio. Katika miaka ya hamsini tulikuwa na Sauti ya Mvita, na baada ya uhuru ikawa ni Sauti ya Kenya iliyoleta mechi majumbani. Televisheni ilianza nchini mwaka 1962, na kituo chake cha Mombasa kikafunguliwa mwaka 1970, lakini televisheni wakati huo ilikuwa mali ya wachache. Redio moja ya mkahawani ilitosha mtaa mzima. Mwenye nayo hakutoza mtu, na mpita njia alisimama mlangoni, akauliza ni ngapi kwa ngapi, akajibiwa, akaenda zake.

Mtangazaji wa siku hizo alikuwa na kazi mbili: kutwambia linalotokea, na kutufanya tulione. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa hapa kwetu Freretown mwaka 1940 na kufariki dunia mwezi wa Februari 2025, aliijua kazi hiyo barabara. Wengi wanamkumbuka kwa kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilichoanza mwaka 1966, lakini mashabiki wa kandanda wanaikumbuka sauti yake pia kutoka uwanjani. Alikuwa akituchorea uwanja kwa Kiswahili, mpira uko upande gani, nani ameupata, nani anamkabili, hata kipofu aliyeketi barzani akawa ameona sawa na mwenye macho.

Na tulichosikia kilikuwa chetu. Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965. Tulikuwa hata na Liverpool yetu, Liverpool ya Mombasa, iliyocheza katika ligi ya taifa katika miaka ya sitini. Leo mtaje Liverpool mbele ya mtoto wa shule pale Makadara, atakutajia wachezaji kumi na mmoja wa Uingereza pamoja na wa akiba. Mwambie kwamba palikuwa na Liverpool ya mji huu, atakucheka akidhani unamfanyia mzaha.

Mpira wa ng'ambo nao tuliuona, lakini kwa kipimo. Kulikuwa na kipindi cha "Football Made in Germany" kwenye televisheni ya taifa, mechi iliyokwisha kuchezwa siku nyingi, na hakuna aliyelalamika kuwa imechacha. Ilikuwa ni kitoweo. Mlo wenyewe ulikuwa uwanjani.

BIASHARA YENYEWE

Sasa hebu tuitazame biashara hii inavyokwenda, maana wengi tunalipa bila ya kujua tunacholipia.

Mwenye ligi huuza ruhusa ya kuionyesha. Huiuza kwa nchi au kwa sehemu ya dunia, na huiuza kwa muda, miaka mitatu au minne, kisha huipiga mnada tena. Bei hupanda kwa sababu ya neno moja: upekee. Anayenunua hununua ruhusa ya kuonyesha, na pamoja nayo hununua uwezo wa kumzuia mwenzake asionyeshe. Ligi Kuu ya Uingereza ilipozaliwa mwaka 1992 ilijifunga na televisheni ya kulipia ya Sky, na tangu hapo haikurudi nyuma. Mkataba wake wa ndani ya Uingereza ulioanza mwaka 2025 ni wa pauni bilioni 6.7 kwa miaka 4. Hizo ni za Uingereza pekee. Nje ya Uingereza kila eneo lina mnada wake, na Afrika yetu ni eneo mojawapo.

Kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa ni SuperSport ya kampuni ya MultiChoice ya Afrika Kusini. Mwaka 2007 alizuka mshindani, GTV, akanyakua sehemu kubwa ya mechi za Uingereza, watu wakanunua madishi na ving'amuzi vyake. Mwezi wa Januari 2009 GTV ikafilisika na kuzima, nayo misukosuko ya fedha duniani wakati huo ikawa imechangia. Wateja waliamka na visanduku visivyofaa hata kuwekea sukari. Mwezi wa Septemba 2025 MultiChoice yenyewe ikaingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Basi uamuzi wa nini kitaonyeshwa kibandani Kibokoni, na kwa bei gani, ulihama Johannesburg ukaenda Paris, na hakuna mtu wa Kibokoni aliyeulizwa.

Kisha ikaja njia ya intaneti. Mwaka 2009 waya wa chini ya bahari uitwao TEAMS uliunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu, katika bahari ileile walimokuwa wakipita manahodha wetu na kusi na kaskazi. Leo mechi hupita katika nyaya za namna hiyo, ikaingia kwenye simu ya mtu aliyelala kitandani. Mwaka 2024 Showmax ilianza kuuza Ligi Kuu ya Uingereza kwa watazamaji wa simu peke yake, kwa bei iliyo chini kabisa ya ile ya dishi. Jambo hili lina heri yake, nami sitaificha. Binti wa Mji wa Kale anayependa kandanda hakuwa na pa kutazamia. Kibanda si mahali pake, na televisheni ya nyumbani ina wababe wake. Simu imemfungulia mlango bila ya kumtoa nje ya heshima ya nyumba yake.

Lakini simu imefanya na jingine. Imemtoa mtu barzani. Zamani mechi ilikuwa ni ya kuzungumzwa, babu akabishana na mjukuu, fundi cherehani akabishana na mwalimu wa madrasa, na kahawa ikazunguka. Sasa vijana wanne huketi barza moja, kila mmoja ameinamia kioo chake, na bao la mmoja humfikia mwenzake baada ya nusu dakika kwa kuwa bando zao hazilingani mwendo.

SAA TISA YA LONDON

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu.

Huko Uingereza kuna kanuni ambayo mashabiki wetu wengi hawaijui. Siku ya Jumamosi, tangu saa tisa kasorobo mchana mpaka saa kumi na moja na robo jioni, ni marufuku televisheni kuonyesha kandanda moja kwa moja. Kanuni hiyo ina asili yake katika miaka ya sitini, nayo yasimamiwa hadi leo. Sababu yake ni moja: timu ndogo za miji midogo zisikose watazamaji. Wakubwa wa mpira wa huko walihofu kwamba mtu akiweza kuitazama Manchester United sebuleni kwake, hatatoka na mvua ile kwenda kuitazama timu ya mtaa wake. Basi mechi zinazoanza saa tisa alasiri Jumamosi, Mwingereza mwenyewe hazioni kwenye televisheni ya nchi yake.

Sisi tunaziona. Mtu wa Mvita anaweza kuiona mechi ambayo mtu wa Manchester, aliye mwendo wa dakika kumi kutoka uwanjani, haruhusiwi kuionyeshwa. Watu husema hii ni bahati yetu. Mimi naiona kwa jicho jingine. Wenye mali wamejua kuwa mali yao ina sumu kwa viwanja vidogo, wakajifungia mlango kwao, kisha wakaiuza sumu hiyo nje bila ya kikomo. Fimbo waliyoiogopa wao ndiyo inayotupiga sisi.

Hebu tuhesabu saa zetu. Katika miezi ya baridi ya Ulaya, Jumamosi ya hapa mechi ya kwanza huanza saa tisa na nusu alasiri, ya pili saa kumi na mbili jioni, ya tatu saa mbili na nusu usiku. Jumapili huwa na zake. Sasa niambie, mchezo wa Bandari pale Mbaraki, au mechi ya timu za mitaa pale Makadara, utachezwa saa ngapi ili upate mtazamaji? Jua la mchana halichezeki, na jioni imekwisha kuuzwa.

Na adhana? Jua la Mombasa halitupi nafasi kubwa ya kuhitilafiana. Magharibi yetu huingia takriban kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, mwaka mzima. Mechi ya saa kumi na mbili hukutwa na adhana katika kipindi cha kwanza. Ulaya wanaposogeza saa zao katika miezi ya joto, mechi hiyo huanza kwetu saa kumi na moja, na adhana huikuta katika kipindi cha pili. Ama cha kwanza ama cha pili, haikosi. Nami nimesimama mara nyingi nje ya msikiti nikasikia muadhini upande huu na kelele za bao upande ule, zikashindana.

Simlaumu Mwingereza kwa hili. Yeye hakuipanga saa tisa yake akitufikiria sisi, kwa wema wala kwa ubaya. Mwenye kibanda lakini ni mtu wetu, na mtazamaji ni mwana wetu. Tarehe 26 Aprili 2021, mwezi wa Ramadhani, mechi ya Leicester na Crystal Palace ilisimamishwa kidogo baada ya jua kuchwa ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wapate kufuturu. Ikiwa uwanja mzima wa Uingereza, pamoja na mamilioni yaliyolipiwa matangazo hayo, uliweza kusimama kwa ajili ya kinywa cha maji cha Waislamu wawili, kibanda cha Bondeni chenye Waislamu sitini kinashindwa na nini?

LIGI YETU IMEKOSA MNUNUZI?

Watu hunijibu: ligi yetu haina wa kuitazama, ndiyo maana haina wa kuinunua. Hayo ni maneno ya mtu asiyejua historia ya karibu. SuperSport iliionyesha ligi ya Kenya kwa karibu miaka kumi, ikaleta kamera na magari, na mchezaji wa Mombasa akaonekana mpaka Lagos. Mwezi wa Aprili 2017 ikajitoa. Sababu ilikuwa ni ugomvi wa wakubwa wetu wa mpira, hawa wanataka timu 16, hawa wanataka 18, na mkataba ukavunjika katikati ya vuta nikuvute hiyo. Mwaka 2020 ikaja StarTimes kwa mkataba wa miaka 7, nao haukufika mbali. Mwaka 2022 FIFA ikaifungia Kenya kwa miezi kadhaa. Mwaka 2023 ikatia saini Azam TV, miaka 7 vilevile. Nyumba inayobadilisha mpangaji kila baada ya muda mfupi, aghalabu kasoro iko kwa mwenye nyumba.

Wenzetu wa Tanzania hawakuwa na dhahabu kutushinda. Mwezi wa Mei 2021 shirikisho lao lilitia saini na Azam TV mkataba wa miaka 10 wa shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Azam ni ya jamaa ya Bakhresa, mfanyabiashara aliyezaliwa Unguja. Hakuwa Mzungu aliyetoka mbali kuja kutuokoa. Alikuwa ni Mswahili aliyeona kwamba Mswahili mwenzake atalipa ili kuiona Simba na Yanga, tena kwa lugha yake. Na kweli analipa. Ingia mtaa wowote wa kisiwa hiki siku ya Simba na Yanga, utakuta vijana wa Mombasa wanagombana juu ya timu za Dar es Salaam kama walizaliwa Kariakoo.

Hapa ndipo lilipo funzo. Tunadhani kijana wetu anapenda mpira wa Uingereza kwa kuwa ni wa Uingereza. La. Anapenda mpira ulioonyeshwa vizuri, uliosimuliwa vizuri, unaochezwa kwa wakati uliotajwa, wenye hadithi inayoendelea kutoka wiki hadi wiki. Azam ilimpa hayo kwa Kiswahili kutoka ng'ambo ya Vanga, akapenda mara moja. Angepewa hayo kutoka Mbaraki, angeipenda Bandari.

Na Bandari ilistahili. Ilitwaa Ngao ya taifa mwaka 2015, ikaitwaa tena mwaka 2019, ikaiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ikaitoa Ben Guerdane ya Tunisia. Lakini mechi hiyo ya nyumbani haikuchezwa nyumbani. Ilichezwa Kasarani, Nairobi, kwani mji huu wenye bandari kubwa kuliko zote za Afrika Mashariki haukuwa na uwanja uliokubaliwa na wakubwa wa mpira wa Afrika. Basi mwana wa Mvita aliyetaka kuiona timu ya Mvita ikimfunga Mwarabu wa Tunisia alihitaji safari ya kilomita karibu 500. Manchester aliihitajia shilingi hamsini ya kibanda.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi mbachao tumeuacha mvuani mpaka umeoza, kisha twashangaa kwamba watoto wanaukimbilia msala wa wapita njia.

HAKI YA MWENYE MALI NA DHULMA YA BEI

Lipo jambo jingine ambalo huzungumzwa kwa kunong'ona. Wengi wa wanaotazama mpira mjini humu hawaulipii. Kuna viungo vya wizi vinavyozunguka kwenye simu, na kuna kibanda kinachotoza watu kwa kutumia kadi ya nyumbani, ambayo kwa kawaida mkataba wake haumruhusu mwenyewe kuonyesha watu kwa malipo. Mtu akiulizwa husema: wale ni matajiri, hawatafilisika kwa shilingi yangu.

Sisi ni watu wa dini, na jawabu hilo halitutoshi. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha mwezi wa Desemba 1988, ilipitisha kwamba jina la biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Kama matangazo ya mpira yanaingia humo moja kwa moja ama kwa kukisia, masheikh wetu ndio wa kutuambia, nami ningependa kuwasikia wakilisema mimbarini. Sheria ya nchi nayo imekwisha kusema: marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yamempa mwenye haki njia ya kutaka kiungo cha wizi kiondolewe. Hata huko Ghuba hawakusalimika. Kati ya mwaka 2017 na 2019 kulikuwa na kituo cha wizi, beoutQ, kilichokuwa kikiyateka matangazo ya beIN ya Qatar, na kesi yake ikafika mpaka Shirika la Biashara la Dunia.

Lakini haki ina pande mbili. Mchukuzi wa Marikiti hawezi kutoa maelfu ya shilingi kila mwezi kwa ajili ya kifurushi kikubwa cha michezo, na kumwambia anunue au akae gizani ni kumsukuma kwa mwizi. Kampuni zilipoanza kuuza kifurushi cha simu kwa bei ya chini zilikiri zenyewe kuwa bei ya zamani haikuwa na watu wengi wa kuifikia. Bei ya siku moja, bei ya mechi moja, na leseni nafuu ya vibanda ni mambo yanayowezekana. Kibanda chenye leseni kingekuwa mtoza kodi wao, mahali pa kumwinda kama mhalifu.

Na kuna mwizi wa tatu ambaye hatumtaji, naye huja na mpira akiwa amevaa suti: kamari. Suratul Maida, katika aya ya 90, imeitaja pamoja na ulevi. Lakini mtoto anayetazama mechi moja huona majina ya kampuni za kubahatisha mara zisizohesabika, ubaoni, jezini na katikati ya matangazo. Ligi ya Kenya yenyewe mwaka 2020 ilibatizwa jina la kampuni ya kamari, BetKing. Vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza vilikubaliana mwaka 2023 kuiondoa kamari kifuani mwa jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025-26. Hapa Kenya, mwezi wa Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo ya kubahatisha kwa siku 30, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo ikatiwa saini sheria mpya. Ni hatua. Lakini sheria haiingii sebuleni. Baba anayelipia king'amuzi amekwisha kumkaribisha mgeni huyo nyumbani, na ni juu yake kuwaeleza wanawe huyo ni nani.

LA KUFANYA

Kulalamika bila ya kupendekeza ni kazi ya mkosa kazi. Mimi nina mapendekezo manne.

La kwanza, mechi za timu ya taifa na mashindano makubwa ziwe wazi kwa kila mwananchi. Hili si jambo geni. Uingereza, mama wa mpira wa kulipia, ina orodha ya michezo ambayo sheria yake ya mwaka 1996 inaikinga isiuzwe kwa televisheni za kulipia peke yake, na Kombe la Dunia limo. India ilitunga sheria mwaka 2007 ya kulazimisha mechi za umuhimu wa taifa zigawanwe na televisheni ya umma. Afrika Kusini ina kanuni zake tangu mwaka 2010. Sisi pamoja na Uganda na Tanzania tulipewa mwezi wa Septemba 2023 heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Wabunge wetu wa Pwani watake orodha iliyo wazi, inayojulikana na kutekelezwa, ili mgeni asije akacheza nyumbani kwetu nasi tukamtazama kwa kuchungulia.

La pili, kaunti na vilabu vya mji huu waanze kujirekodi wenyewe. Hatuhitaji magari ya kamera. Simu mbili nzuri, kigoda cha kuzisimamisha, na kijana mwenye ulimi wa Kiswahili vinatosha kuitoa mechi ya Makadara ikaonekana mpaka Muscat, Toronto na London, ambako wana wa Mvita wamejaa na wana kiu ya kwao. Mashindano ya usiku wa Ramadhani peke yake yangepata watazamaji ambao ligi nyingi zingeyaonea wivu. Na humo tutawapata watangazaji wapya, maana ulimi wa akina Mbotela hauwezi kurithiwa kwa kusikiliza Kiingereza wiki nzima.

La tatu, ratiba. Mwingereza amezilinda saa mbili na nusu za Jumamosi kwa ajili ya timu zake ndogo. Na sisi tuchague zetu. Jumapili asubuhi, saa mbili hadi saa nne, jua halijawa kali, wanafunzi hawana shule, na Uingereza wangali wamelala. Saa hizo ziwe za mpira wa mitaa katika kisiwa kizima, kila wiki, bila ya kukosa, mpaka watu wazizoee kama walivyoizoea kahawa ya jioni.

La nne ni la wenye vibanda, nalo halihitaji bunge wala fedha. Adhana ya magharibi ikilia, sauti izimwe na mlango ufunguliwe. Anayekwenda kusali aende na arudi mahali pake bila ya kulipa tena. Sala ya jamaa ya magharibi haizidi dakika kumi, na misikiti yetu haiko mbali. Katika Mji wa Kale huwezi kutembea hatua mia bila ya kuupita mmoja. Kamati za misikiti ziende kuzungumza na wenye vibanda kwa upole, kama jirani na jirani, si kwa vitisho. Nina hakika wengi watakubali, kwani ni watoto wa madrasa zilezile.

Mpira wa Ulaya utaendelea kuuzwa, na bei zitapanda na kushuka kwa maamuzi ya watu ambao hawajui Ndia Kuu iko wapi. Hilo hatuna mkono nalo. Lakini Jumapili asubuhi ni yetu, uwanja wa Makadara ni wetu, Kiswahili ni chetu, na saa ya magharibi ni ya Mwenyezi Mungu. Hayo manne hayajapigwa mnada bado. Tuanze nayo.